Mume Wangu Gleb Arkadievich na Meza ya Geneva

Ndugu waombolezaji, majirani wetu wa ngazi ya tatu ya jengo letu, wenzake wa zamani mliojaza mstari wa mbele na nishani zenu, na wewe Mmarekani uliyesimama pale mlangoni, sogea ndani ufunge mlango, baridi inaingia na marehemu hakupenda baridi. Mimi ni Faina Grigorievna, mjane wake. Baraza la wastaafu, chini ya Tikhon Savelievich ambaye namwona hapa akinikunjia uso, lilikuwa limeandaa historia nyingine ya marehemu, ndefu na nzuri, yenye mikataba yote na miji yote, na ndani yake mimi nimetajwa mara moja tu, mwishoni, kwamba "ameacha mjane na binti mmoja", kama mtu aliyesahau kofia na mwavuli. Nimeikunja nikaiweka mkobani. Nitasoma yangu, na mniwie radhi ikiwa ina wivu, kwani kwa miaka hamsini na sita ya ndoa nimetaka kujua jambo moja tu, nalo ni kama mtu huyu angeweza, hata mara moja, kuiacha meza ile kwa ajili yangu.

Marehemu Gleb Arkadievich Mezentsev alizaliwa tarehe 14 Mei 1941 katika mji wa Vologda, akiwa mtoto wa tatu na wa mwisho wa Arkadi Mezentsev, fundi wa reli, na Serafima, mkamuaji wa ng'ombe, na baba yake alikwenda vitani mwezi wa saba mwaka huohuo asirudi tena, hata kaburi lake halikujulikana. Mama mkwe wangu aliwalea watoto watatu kwa viazi na kabichi, akawafundisha kuosha masikio, kutomwamini mgeni anayetabasamu haraka, na kwamba mtu hatoki nyumbani kwenda safari bila kwanza kukaa kitako kidogo, kimya, yeye na wanaobaki, ndipo ainuke aende. Namtaja mama huyo kwa heshima, ingawa naye alikuwa na sehemu kubwa mno ya moyo wa mwanawe, na mimi nikapewa iliyobaki.

Alianza shule ya msingi hapohapo Vologda mwaka 1948, akamaliza sekondari mwaka 1958 akiwa na medali ya fedha, ya dhahabu ikiwa imekwenda kwa msichana mmoja aitwaye Kapitolina ambaye Gleb alimsifia mpaka uzeeni, kisha akafanya kazi mwaka mmoja katika karakana ya reli, na mwaka 1959 akaingia chuo cha uhusiano wa kimataifa hapa Moscow, alikosoma Kiingereza na mambo ya mikataba mpaka mwaka 1965. Kiingereza hicho aliking'ang'ania kuliko alivyoning'ang'ania mimi baadaye. Akiwa mchumba wangu aliwahi kuniacha kwenye uwanja wa kuteleza barafuni, miguu yangu imeganda, ati amekumbuka kitenzi.

Alianza kazi katika wizara ya mambo ya nje mwezi Agosti 1965. Aliniambia siku moja, katika siku chache alizoniambia chochote, kwamba nchi yetu katika mambo ya dunia ni kama mtu aliyewahi kuvunjiwa mlango na majambazi, ambaye tangu siku hiyo analala na shoka chini ya kitanda hata majirani wakija na keki, na kwamba kazi yake yeye ni kuwaeleza majirani habari ya shoka, na kumweleza mwenye shoka habari ya keki, na pande zote mbili zinamwona msaliti kidogo. Nilimwambia kwamba mimi pia nipo nyumbani humo, na wala sina habari ya shoka wala ya keki. Akacheka, akanibusu kwenye paji la uso, akarudi kwenye makaratasi yake.

Tulifunga ndoa tarehe 10 Juni 1967 hapa Moscow, siku ya Jumamosi, mimi nikiwa mpiga picha za eksirei katika zahanati ya wilaya, na wale wenye kumbukumbu watajua siku hiyo ilikuwa siku gani. Kulikuwa na vita Mashariki ya Kati, nchi yetu ikavunja uhusiano na Israeli alasiri hiyohiyo, na kabla keki haijakatwa akaja dereva na bwana harusi akaitwa kazini. Waalikwa walikuwa wameshalewa vya kutosha, hawakumwona akitoka, wakaanza kupiga kelele "Chungu! Chungu!" kama tunavyofanya ili maharusi wabusiane, nami nimesimama na shela langu, sina wa kumbusu, mpaka shangazi yangu Glafira akasema kwa sauti, "Jamani nyamazeni, huyu ameolewa na ofisi." Watu wakacheka sana. Mimi sikucheka, na hata leo sicheki.

Mungu alitujalia mtoto mmoja, Lidia, huyu hapa mbele yenu, daktari wa wanyama, aliyezaliwa tarehe 18 Aprili 1970, siku mbili baada ya mazungumzo ya silaha kufunguliwa Vienna, na sihitaji kuwaambia baba yake alikuwa wapi. Alileta mwanasesere mwenye sketi ya Kiaustria na chokoleti, akamwangalia mtoto kwa muda mrefu, akasema ana masikio ya Serafima. Nyumbani alipiga marufuku Kiingereza, alisema hicho ni nguo ya kazini na nguo ya kazini huachwa mlangoni, kwa hiyo mimi sikukijua hata neno moja, na Lidia alijifunza Kijerumani kwa hasira.

Kuanzia mwaka 1982 marehemu alikuwa katika ujumbe wetu wa mazungumzo ya silaha huko Geneva, na hapo ndipo anaingia huyu bwana aliyesimama mlangoni, ambaye bado hajafunga mlango vizuri. Jina lake ni Harlan Prewitt, ni Mmarekani, alikuwa akikaa ng'ambo ya pili ya meza, ana kwa ana na mume wangu, na ukijumlisha vikao vyote amemwangalia mume wangu usoni kuliko nilivyomwangalia mimi. Alijua anakohoa vipi anapodanganya, alijua ni kalamu ipi anaishika anapotaka kukubali, alijua kwamba hapendi chai ya maziwa. Mambo hayo mke huyajua polepole kwa miaka, yeye alipewa yote mezani, tena kwa gharama ya serikali mbili.

Mwishoni mwa mwaka 1983 amri ilikuja kutoka Moscow kwamba ujumbe wetu uache mazungumzo na kurudi nyumbani. Mkuu wa ujumbe akasoma maneno yake mafupi, akafunga jalada, wetu wote wakasimama kwa pamoja kama walivyoagizwa, wageni waone kwamba tumekasirika kweli, na Gleb naye akasimama, akachukua mkoba wake, halafu, bila kufikiri, kwa vile alikuwa anaanza safari na mama yake alimlea hivyo, akakaa tena. Akakaa kimya, mikono magotini. Wamarekani walipoona mmoja wetu amekaa, wakadhani kuna neno la ziada, nao wakakaa, mmoja baada ya mwingine, wakangoja. Wetu wamesimama, wao wamekaa, na katikati yuko mume wangu anawaza reli ya Vologda. Kisha akainuka, akainamisha kichwa kidogo, akatoka, na usiku haujaingia Washington walishapelekewa habari kwamba Warusi wanasitasita.

Aliporudi aliitwa na mkubwa mmoja, nisiyemtaja kwa kuwa ameshafariki, akaulizwa, "Mezentsev, ulikuwa unawapa ishara gani wale?" Akajibu, "Nilikuwa naomba safari njema." Yule mkubwa akapiga meza, "Kwenye meza ya adui? Kwa nini usiwaombe na baraka kabisa?" Wakamtoa kwenye ujumbe, wakamweka chumba cha nyaraka za zamani, asisafiri, na nisikilizeni vizuri, hiyo ndiyo miaka niliyokuwa na mume. Alikuwa akirudi nyumbani jioni, tena mapema, alichimba viazi shambani kwetu nje ya mji, alimfundisha Lidia kuendesha gari, tulikwenda kuchuma uyoga na akanishika mkono msituni kama kijana. Ila alikuwa anadhoofika. Alikuwa akikaa mbele ya taarifa ya habari kama mtu anayetazama harusi ya mpenzi wake wa zamani, na mimi namwona, na roho inaniuma kwamba furaha yangu ndiyo msiba wake.

Mazungumzo yakafunguliwa tena mwaka 1985, na siku ya kwanza huyu Prewitt aliuliza mbele ya wote, "Yuko wapi yule bwana aliyekaa?" Akaambiwa hayupo kwenye ujumbe huu. Akasema, "Basi mrudisheni, ndiye pekee kati yenu aliyeniaga." Neno likafika Moscow, likapikwa huko linakopikwa, na baada ya miezi minne Gleb akapewa tiketi. Alipoingia jikoni kuniambia, uso wake ulikuwa uleule niliotaka kuuona siku ya harusi. Nilimfungia sanduku mwenyewe, nikakaa naye kimya kabla hajaondoka, kama ipasavyo, na katika kimya hicho nilimlaani kwa jina lake lote Mmarekani nisiyewahi kumwona.

Mwaka 1991 mkataba ukatiwa saini hapahapa Moscow, na mwezi Desemba nchi yetu iliyoutia saini ikawa haipo tena. Gleb aliendelea kukaa kwenye kiti kilekile na bendera nyingine mbele yake, mshahara unakuja ukitaka, mimi nauza maandazi ya kabichi kituoni baada ya zamu zangu za eksirei. Alisema Wamarekani wamekuwa wapole, upole wa watu waliokuja kumwona mgonjwa, wanakubali kila kitu kwa tabasamu na kuandika wanachotaka, na upole huo ulimwumiza kuliko kelele zote za nyuma. Wote isipokuwa mmoja. Siku moja alinipigia simu kutoka Geneva, sauti yake imechangamka, akasema, "Faya, Harlan amenigombeza leo kutwa nzima kwa ajili ya mkato mmoja!" Mimi nimemgombeza mtu huyu tangu mwaka 1967, kwa mambo makubwa kuliko mkato, wala sijawahi kumfurahisha hivyo.

Alistaafu tarehe 1 Julai 2005, nikasema sasa ni wangu. Kumbe kila Jumapili saa kumi jioni simu inalia, ni Prewitt, naye amestaafu, amebaki kuishi Geneva maana kwao alishafiwa na mke, na wawili hao wanaongea Kiingereza chumbani mlango umefungwa, wanacheka, wanabishana, na supu yangu inapoa. Mwaka 2010 ulipotiwa saini mkataba mwingine huko Prague walifungua chupa kila mmoja kwao, wakagonga glasi kwenye simu. Jirani yangu Nonna aliniambia, "Shoga, afadhali angekuwa mwanamke, ungemng'oa nywele." Kweli, mwanamke ningejua la kumfanya.

Halafu ukaja mwaka 2022, na wote mnajua ulikuja na nini. Televisheni walimwita marehemu aje aseme maneno makali juu ya watu wa upande ule, kwa kuwa aliwajua, akakataa mara mbili. Alisema adui huhesabiwa, hatukanwi, na kwamba akianza kumtukana hatamsikia tena anaposema kweli. Baada ya hapo alikaa dirishani na kuzeeka. Ndipo Tikhon Savelievich akatutembelea na keki, akakaa jikoni kwangu, akasema, "Gleb Arkadievich, ndugu yangu, wakati huu si wa kupigiana simu na watu wale. Elewa, ni kwa faida yako." Gleb akakoroga chai yake. Nikatoka nilikokuwa nimejibanza, nikasema, "Tikhon Savelievich, maliza chai yako uende. Mume huyu kama ni wa kukatazwa nitamkataza mimi, nami nimejaribu kabla yako." Akaondoka na keki yake nusu. Usininunie, Tikhon, ilikuwa keki kavu.

Mwezi Februari 2023 ilipotangazwa kwamba nchi yetu inasimamisha ushiriki wake katika ule mkataba wa mwisho, wa Prague, marehemu alizima televisheni, akaingia chumbani, akampigia Prewitt, na mimi nikaweka sikio mlangoni, sioni haya kusema. Hawakuongea. Walikaa na simu masikioni, mmoja Moscow na mmoja Geneva, kimya, muda wa kupika uji wa ngano ukaiva. Nilikuwa na uhakika kwamba mimi na Gleb hatujawahi kukaa kimya namna ile, kimya cha watu wanaoelewana, na nilirudi jikoni nikavunja sahani, ya kwangu mwenyewe.

Tarehe 6 Novemba 2023, akiwa anamenya vitunguu, marehemu alipata kiharusi, akapelekwa hospitali hapa mjini, wodi ya mishipa ya fahamu, na alipozinduka siku ya tatu akafungua kinywa na kikatoka Kiingereza. Kirusi kilikuwa kimekwenda. Daktari alinieleza kwa upole kwamba jambo hili huwatokea baadhi ya watu wa lugha nyingi, ugonjwa huchukua moja na kuacha nyingine, nikamwuliza kwa nini uchukue yangu na kuiacha ya kazini, akaangalia viatu vyake. Fikirini, ndugu zangu. Mume wangu ananitazama, machozi yanamtoka, ananiambia kitu, kirefu, cha lazima, nami sijui kama ananiaga au anaomba maji.

Jumapili simu ikalia. Nikaipokea. "Naomba Gleb," akasema Prewitt kwa Kirusi chake cha kuchechemea. Nikasema, "Mimi ni Faina Grigorievna, mkewe. Hayupo," nikakata. Akapiga tena. Nikakata tena. Mara ya tatu nikamwambia ukweli, na kuanzia hapo kila Jumapili nilikwenda wodini nikamwekea mgonjwa simu sikioni, nikishika simu hiyo kwa mkono wangu mwenyewe, na uso wa Gleb ukifunguka. Sitasema niliifanya kwa moyo mkunjufu.

Tarehe 29 Januari mwaka huu Prewitt akaja, kwa kupitia Istanbul, na fimbo yake na miaka yake themanini na moja, akaingia wodini na mawaridi sita, na kwetu maua ya idadi shufwa ni ya makaburini, nikachomoa moja nikalitupa kabla mgonjwa hajaliona. Akakaa kando ya kitanda. Gleb akaanza kusema, saa nzima, na huyu anaitikia. Nikauliza, "Anasema nini?" Akasema, "Samahani, mama. Anaongea kazi." "Kazi gani?" "Anadhani tuko Geneva, tuko kwenye kikao." Nikatoka nje kwenye ngazi nikalia kwa hasira. Siku tatu ilikuwa hivyohivyo, anaongea kazi, na mimi namlisha uji wa ngano kwa kijiko, na nilikuwa nimeshapata jibu la swali langu, kwamba hata kufa anafia mezani pale.

Ijumaa tarehe 2 Februari, mchana, Gleb alianza kugonga ukingo wa kitanda kwa kidole, akasema maneno machache, akayarudia, akayarudia tena kwa ukali. Prewitt alivua miwani, akafuta macho. Nikamwambia, "Sema tu, nimeshazoea." Akasema, "Anaomba upande wetu ukubali kuahirisha kikao." Nikasema, "Basi mwahirishieni, kuna nini cha kulia?" Akasema, "Mama, anatoa sababu. Anasema mkewe anamngoja, amemngoja sana, na kwamba jambo hili yeye halijadili." Nikashika chuma cha kitanda. Yule mzee akaendelea, anatafuta maneno, "Miaka yote ile hakuomba kitu, hata dirisha lifungwe hakuomba. Habari zako hakunipa kabisa, jina lako nililisikia ulipopokea simu. Kila kitu alikiweka mezani, mama, wewe hakukuweka."

Kisha Prewitt akasimama bila fimbo, akafunga kitufe cha koti, akamwambia Gleb maneno kwa sauti ya kikao, kavu, ya heshima, halafu akanigeukia, "Nimemwambia upande wa Marekani unakubali. Bila masharti." Gleb akashusha pumzi. Akageuza kichwa, akauacha upande ule, akaja upande wangu, akanipa mkono. Hakusema tena neno kwa lugha yoyote, na mkono huo nilikuwa nao bado Jumamosi tarehe 3 Februari 2024, asubuhi, alipofariki dunia.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ile, hasa muuguzi Zinaida aliyenipa kiti chake, majirani wa ngazi ya tatu na Nonna aliyekesha akipika chapati za maji na uji wa matanga tutakaokula baadaye, na wenzake wa kazini, hata wewe Tikhon Savelievich, historia yako nitakurudishia. Nakushukuru na wewe, Harlan Prewitt. Mezani leo utakaa karibu nami, na usigonge glasi, kwetu msibani hatugongi. Bado nakuonea wivu, tena sana, kwa sababu maneno niliyoyangoja maisha yangu yote wewe ndiye uliyeyasikia kwa sauti yake, mimi nikapewa kwa Kirusi chako kibovu.

Pumzika, Gleb wangu, na amani uliyokuwa ukiwatafutia watu wengine sasa iwe yako, na wakikuita tena, usiitike.